Mashine Mpya, Chumvi ya Zamani

Mjini Wote, kaunti ya Makueni, nyumba moja inaweza kuwa na maji ya aina nne kwa wakati mmoja. Kuna maji ya mvua, yaliyokingwa kutoka kwenye mabati na kuhifadhiwa tangini. Kuna ya mfereji, ambayo siku nyingine huja na nyingine hayaji. Kuna ya mitungi ya lita 20, yaliyochotwa kwenye mchanga wa mto na kuletwa kwa punda au pikipiki. Halafu kuna ya kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine. Haya hayakauki upesi, lakini mara nyingi yana chumvi: sabuni inakataa kutoa povu, chai inapoteza ladha, na birika linaota ukoko mweupe ndani.

Ni maji haya ya mwisho yanayowapeleka watu dukani kutafuta chujio la osmosisi kinyume, ambalo wauzaji na mafundi wamezoea kuliita RO. Mashine yenyewe si kubwa. Huning'inizwa ukutani au kufichwa chini ya sinki, na ikitunzwa hutoa maji matamu kweli. Kinachowaponza wanunuzi wengi ni kuamini kwamba ukishailipia umemaliza kazi. Mashine hii ilibuniwa kwa nyumba ambazo maji hufika kwa nguvu kutoka kwenye bomba la mji, na ambako maji ya kumwaga si hasara. Ikiletwa Wote, mwenye nyumba hana budi kujua mambo ambayo katoni haiyasemi: ana maji gani, yana presha kiasi gani, na yale yatakayokataliwa na mashine yatakwenda wapi.

Chumvi hii inatoka wapi

Makueni na kaunti jirani ya Kitui zimekalia miamba ya kale sana, iliyopikwa na kukandamizwa chini ya ardhi kwa mamilioni ya miaka. Miamba ya namna hii haina matundu mengi ya kuhifadhi maji, kwa hiyo maji hukaa katika nyufa. Mvua inayoingia kuyaburudisha ni kidogo na jua ni kali. Maji yanayokaa muda mrefu yakigusana na mwamba huyeyusha madini yake. Hii ndiyo sababu kisima kimoja huweza kutoa maji yanayonyweka, na kingine, kwa mwendo wa dakika chache tu, kikatoa maji ambayo hata mbuzi huyaonja kwanza. Kusini mwa Kitui, upande wa Mutomo na Ikutha, kisa cha kisima kilichochimbwa kwa gharama kisha kikatoa chumvi si kigeni.

Wakamba, wenyeji wa huku, hawakungoja mashine ili kukabiliana na hali hiyo. Joshua Mukusya na majirani zake wa Utooni walianza mwaka 1978 kujenga kuta za mawe katika mito ya msimu, mchanga ukajaa nyuma yake na kuhifadhi maji ya mvua yasiyokaa na mwamba kwa miaka. Huko Kitui, shirika la SASOL limesaidia jamii kujenga mamia ya mabwawa ya mchanga kama hayo. Maji ya namna hii mara nyingi huwa na chumvi kidogo kuliko ya kisima kirefu. Hatari yake ni vijidudu, na dawa yake ni klorini au moto.

Hapo ndipo ushauri wa kwanza unapoanzia: kabla ya kununua mashine, kila aina ya maji ya nyumbani ipimwe. Kuna kipimo kidogo cha mkononi kinachosoma jumla ya madini yaliyoyeyuka katika maji, kipimo ambacho wauzaji hukiita TDS. Husomwa kwa miligramu katika lita moja. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema maji yaliyo chini ya takriban miligramu 600 huwa na ladha nzuri, na yakipita 1,000 watu huanza kuyakataa. Maji ya mvua kwa kawaida husoma makumi machache tu. Nyumba yenye matangi makubwa ya mvua yanayotosheleza mwaka mzima haina haja ya RO. Itakuwa inalipa fedha kuondoa chumvi ambayo haipo.

Kipimo hicho kina mipaka yake. Hakioni vijidudu, wala hakiwezi kutaja ni chumvi gani imo. Floraidi kwa mfano, ambayo ikizidi huyapaka meno ya watoto rangi ya kahawia na kwa miaka mingi hudhuru mifupa, haina ladha wala harufu. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na WHO ni miligramu 1.5 katika lita, na baadhi ya visima vya Ukambani hukipita. Kuchemsha hakusaidii, maji yakipungua kwa mvuke, floraidi na chumvi zinabaki zote sufuriani. Mwenye kisima aombwe karatasi ya maabara, kwa maana maji hupaswa kupimwa kisima kinapomalizika kuchimbwa. Kama karatasi imepotea, sampuli ipelekwe maabara kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Ndani ya mashine

Maji yakiingia hupita kwanza kwenye filta nyeupe inayokamata mchanga na tope. Kisha hupita kwenye filta moja au mbili za makaa maalumu zinazoondoa klorini na harufu. Ndipo yanapofika kwenye utando, ambao ndio moyo wa mashine yote. Utando huu umesokotwa ndani ya bomba fupi, na vipenyo vyake ni vidogo kiasi kwamba maji hupenya huku sehemu kubwa ya chumvi ikibaki upande mwingine. Yaliyopenya huenda kwenye tangi dogo la presha, hupita filta ya mwisho ya kuweka ladha sawa, na kutoka kwenye mfereji wake wenyewe. Yaliyobaki na chumvi hutoka kwa mrija wa pili.

Teknolojia hii si changa. Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan walitengeneza utando uliofaa kwa kazi hiyo katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1965 mtambo wa aina hiyo uliwekwa Coalinga, mji mdogo wa bara huko California ambao visima vyake vilikuwa na chumvi na ambao zamani maji yake ya kunywa yaliletwa kwa treni. Kenya nayo ina mfano wake: huko Kiunga, kaunti ya Lamu, shirika la GivePower lilisimika mwaka 2018 mtambo unaotumia umeme wa jua kuondoa chumvi kwenye maji.

Tofauti kati ya mitambo hiyo na mashine ya jikoni ni nguvu. Tando nyingi za nyumbani hazikusudiwi maji yaliyopita miligramu 2,000 hivi. Kama kisima kinasoma 4,000, mashine ya chini ya sinki itachoka mapema na maji yake yatabaki na ladha. Hapo ni bora majirani, kanisa au shule waungane kununua mtambo mkubwa wa pamoja, au nyumba irudi kwenye maji ya mvua na ya mchanga kwa ajili ya kunywa.

Wakati wa kununua, swali moja linaokoa fedha nyingi: filta zake ni za vipimo vya kawaida? Filta za inchi 10 na tando zinazoandikwa 1812 hutengenezwa na kampuni nyingi na hupatikana Nairobi bila shida. Mashine yenye filta za umbo la pekee humfunga mnunuzi kwa muuzaji mmoja, na muuzaji akifunga duka, mashine hugeuka pambo la ukutani.

Presha, au kwa nini tangi la mnarani halitoshi

Nyumba nyingi za Wote hupata maji ya ndani kutoka kwenye tangi lililoinuliwa juu ya mnara. Kila mita moja ya kimo huzaa presha ya takriban psi 1.4 (pauni kwa inchi ya mraba). Tangi la mita tatu juu ya mashine, basi, hutoa psi 4 hivi. Utando nao hudai takriban psi 1 kwa kila miligramu 100 za chumvi kabla haujapitisha hata tone. Maji ya kisima yenye miligramu 1,600 yanadai psi 16 za mwanzo, na juu ya hizo zinahitajika nyingine za kuyasukuma yapite kwa kasi ya maana. Watengenezaji hupima tando zao kwa psi 50 na zaidi.

Hesabu hiyo inaonyesha kwamba mashine isiyo na pampu, hata kama ni ya bei nafuu, haifai kwa nyumba yenye tangi la mnarani. Inunuliwe yenye pampu ndogo ya umeme. Na hata yenye pampu ina kikwazo kimoja kinachowachanganya mafundi: huwa na swichi inayozuia pampu kuwaka kama maji hayafiki kwa presha ndogo inayotakiwa. Tangi likiwa chini mno, swichi inadhani maji yamekatika na mashine inanyamaza. Muuzaji aulizwe mapema kama pampu inaweza kuvuta maji yenyewe kutoka kwenye tangi. Umeme nao hupanda na kushuka, kwa hiyo kifaa kile kile ambacho watu hulindia friji kinafaa kuilinda pampu.

Kwa nyumba isiyo na bomba la ndani kuna mashine za kuweka mezani, ambazo maji humiminwa kwa mkono. Hizi nyingi hurudisha maji yenye chumvi kwenye chombo kile kile yalikotoka, na kila mzunguko chumvi huzidi. Chombo hicho kimwagwe chote kabla ya kujazwa tena. Kukiongezea tu maji mapya ni kuutwisha utando mzigo wa jana na wa leo.

Siku ya kwanza

Fundi wa mabomba anayejua kazi huifunga mashine kwa muda mfupi, lakini kuianzisha vizuri huchukua siku nzima, na sehemu hii ndiyo inayorukwa. Tangi la presha likaguliwe likiwa tupu: linapaswa kuwa na hewa ya psi 5 hadi 7 hivi, na pampu ya baiskeli inatosha kuiongeza. Filta ya tope na zile za makaa zifungwe, lakini utando usubiri. Mrija unaoelekea kwenye utando uchomolewe na kuelekezwa kwenye ndoo, maji yafunguliwe, na vumbi jeusi la makaa litoke hadi maji yawe maangavu. Vumbi hilo likiachwa liende mbele, litaishia juu ya utando.

Baada ya hapo utando utiwe mahali pake kwa mikono iliyooshwa, mipira yake ya duara ikiwa imelowa maji ili isichanike. Mfereji wa tangi la presha ubaki umefungwa, ule wa kunywea uwe wazi. Matone yataanza baada ya dakika kadhaa. Yaachwe yatiririke kwa muda, kisha tangi lifunguliwe lijae. Tangi la kwanza halinywewi: lina mabaki ya dawa inayohifadhi utando ukiwa ghalani. Kitabu cha maelezo kikisema hata la pili limwagwe, limwagwe. Weupe unaoonekana kwenye glasi siku za mwanzo, unaopotea ukianzia chini, ni hewa tu.

Kila kiungo cha mrija kiwekewe karatasi ya shashi chini yake usiku huo. Tone ambalo jicho halilioni, karatasi italionyesha asubuhi, kabla halijaozesha ubao wa kabati.

Kisha vije vipimo. Maji yanayoingia yakisoma 1,600 na yanayotoka 80, mashine imeondoa asilimia 95, na hiyo ni kazi nzuri kwa utando mpya. Kikombe cha kwanza cha asubuhi kinaweza kusoma juu zaidi, kwa sababu chumvi hupenyeza polepole mashine inapolala. Kipimwe cha pili au cha tatu. Namba hizo ziandikwe kwenye daftari pamoja na tarehe. Bila namba za siku ya kwanza, hakuna atakayejua mwakani kama utando umechoka au ni kisima kilichobadilika.

Kasi nayo isimtie mtu wasiwasi. Utando unaotangazwa kuwa wa galoni 75 kwa siku, yaani lita 284 hivi, hupimwa kwa maji yenye chumvi kidogo na presha nzuri. Kwa maji ya kisima cha Wote kiasi hicho kitapungua. Familia ya watu watano inayohitaji mtungi mmoja wa lita 20 kwa siku kwa kunywa na kupikia bado itatosheka. Kuoga, kufua na kudeki kubaki na maji ya kawaida.

Mrija wa pili

Katika eneo ambalo maji hununuliwa kwa mtungi, mrija wa maji yanayokataliwa unastahili kufikiriwa kabla ya ule wa maji safi. Idara ya mazingira ya Marekani, EPA, inasema mashine ya kawaida ya nyumbani humwaga galoni 5 au zaidi kwa kila galoni 1 inayosafisha. Alama yake ya ubora wa kuokoa maji hupewa tu zile zisizozidi galoni 2.3. Tuseme mashine nzuri inamwaga lita 3 kwa kila 1. Mtungi mmoja wa kunywa utakuwa umekula minne, na mitatu imetoka kwa mrija wa pili.

Fundi akipendekeza mrija huo ubanwe ili kuokoa maji, akataliwe. Mkondo ule ndio unaosafisha utando; ukizuiwa, madini hugandamana juu yake kama ukoko wa ugali chini ya sufuria, na hakuna kusugua kutakakouondoa. Badala yake mrija uelekezwe kwenye pipa. Maji hayo hayana uchafu mpya, ni yale yale ya kisima yakiwa na chumvi zaidi: ya 1,600 huwa karibu 2,100. Yanafaa choo, yanafaa kudeki, na mbuzi na ng'ombe kwa kawaida huvumilia kiwango hicho, mradi kisima hakina floraidi nyingi, kwa sababu nayo imeongezeka.

Shambani ni hadithi nyingine. Makueni inajulikana kwa maembe na machungwa, na miti yote hiyo miwili ni dhaifu mbele ya chumvi. Maharagwe hali kadhalika. Ndoo moja haiui mti, lakini kumwagilia shina lile lile kiangazi kizima, bila mvua ya kuiteremsha chumvi chini, huacha udongo mgonjwa.

Vijidudu na matunzo

Vitabu vingi vya mashine hizi vina onyo ambalo watu hulipita: zisitumiwe kwa maji yasiyo salama kwa vijidudu bila kuyatibu kabla au baada. Utando mzima huzuia vijidudu vingi, lakini mpira mmoja ukichanika hakuna taa itakayowaka kutoa habari. Klorini, kwa mfano ile inayouzwa kwa jina la WaterGuard, inaweza kutiwa kwenye tangi la maji ghafi kwa kipimo kilichoandikwa, maadamu filta za makaa bado zina nguvu. Zikichoka, klorini huuharibu utando bila kurudi nyuma. Na kwa kuwa makaa huondoa klorini yote, maji yanayotoka hayana kinga yoyote. Yakiwekwa kwenye mtungi usiooshwa, au yakichotwa kwa kikombe kilicholala mezani, yanachafuka upya. Mtungi wenye kifuniko na mfereji ndio wa kutumia, na kwa mtoto mchanga yachemshwe.

Filta ya tope hubadilishwa kila miezi 3 hadi 6, na mapema zaidi kwa nyumba inayotumia maji ya mto wakati wa mafuriko. Za makaa hukaa miezi 6 hadi 12. Utando huweza kufika miaka 2 au 3, muda unaopungua pale ambapo birika linaota ukoko haraka. Daftari ndilo litakaloamua: asilimia 95 ikishuka hadi chini ya 80 wakati filta nyingine ni mpya na presha iko sawa, utando umekwisha. Kama maji yanatoka kidogo lakini ni matamu, lawama kwanza ni ya filta ya tope, kisha pampu.

Mvua za Novemba na Desemba, ambazo Ukambani huzitegemea kuliko za Machi, hujaza matangi na kuipumzisha mashine. Utando hautakiwi kukauka wala kukaa na maji yaliyotuama kwa wiki nyingi. Kwa hiyo hata wakati nyumba inakunywa maji ya mvua, RO iwashwe kwa saa moja hivi mara moja au mbili kwa wiki, maji ya mvua yenyewe yakitumika kuisafisha. Ikilazimu kuizima kabisa, tangi la presha limwagwe, maji ya kuingia yafungwe, na siku ya kuirudisha matangi mawili ya kwanza yasinywewe. Filta mpya zinunuliwe kufikia Mei, maana kuanzia Juni hadi Oktoba ndipo nyumba nyingi zinaporudi kwenye kisima, na mashine hufanya kazi kila siku.